Dada Anayekaa Bure

Specioza alikuja Mpanda kulinda simenti. Hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa, hakuitiwa nyingine. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo Katavi ilipofanywa mkoa, maofisa wanashuka na mabegi yao hawajui watalala wapi, na kila mwenye akiba mjini anachimba msingi. Mdogo wake, Method, alikuwa na ajira Dodoma, naye hakutaka kupitwa. Akanunua kiwanja mtaa wa Kawajense, akaweka mafundi, akawa anatuma pesa kwa simu na kutumiwa picha kwa simu. Picha zilikuwa nzuri. Kuta ndizo zilizokuwa hazipandi.

"Dada, simenti yangu ina miguu," alimpigia siku moja. "Nikinunua mifuko, nusu inaingia ukutani, nusu inaenda kujenga kwa watu. Njoo ukae pale, macho yako tu yanatosha. Tukishaezeka unarudi zako. Miezi mitatu, haizidi."

Wakati huo Specioza alikuwa mjane anayeishi kijijini Magamba, analima mahindi na karanga kwenye shamba aliloachiwa na baba yao, mzee wa Kifipa aliyehama Namanyere angali kijana akaja kufia huko. Alikuwa na binti mmoja, Restituta, anayesoma sekondari ya bweni. Na Method alikuwa ndiye mdogo wake wa pekee. Alimbeba mgongoni tangu ananyonya mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini. Hakuwa mtu wa kumkatalia. Akafunga mlango wake, kuku akamwachia jirani, akaja na godoro, sufuria na jembe. Jembe alilibeba kwa mazoea tu.

Kwa kulinda, alilinda. Alitandika godoro juu ya mifuko ya simenti ndani ya banda la mabati, na mfuko ukifunguliwa yeye yupo, ukikung'utwa yupo. Mafundi walimchukia, kisha wakamzoea. Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, na hapo kwenye lenta pesa ya Method ikakata.

Method akaja mwenyewe kutoka Dodoma. Akakaa juu ya tofali, akakuna kichwa, akasema, "Dada, mvua zikitukuta hivi, kuta zinalowa zinaanguka. Ile sehemu yangu ya shamba nilishaiuza wakati nanunua kiwanja. Imebaki yako."

Specioza alizitazama kuta.

"Si kwamba nakuomba msaada," Method akaendelea. "Hii nyumba si ya Method. Ni ya watoto wa mzee. Ni yetu wote. Wewe utalima mpaka lini? Mgongo utachoka, lakini kodi haichoki, inaingia hata ukiwa umelala."

Shamba likauzwa. Mnunuzi alilipa, Method akapeleka pesa dukani, na ekari za Specioza zikapanda juu ya kuta za Kawajense zikawa mabati. Hakuna kilichoandikwa. Nani aandikiane na mtoto aliyembeba mgongoni? Siku bati la mwisho lilipopigiliwa misumari, Specioza alipiga vigelegele peke yake uani, mafundi wakacheka.

Vilikuwa vyumba vinane, vinne vinatazamana na vinne, katikati uwanja, mwisho kabisa vyoo viwili, stoo na kisima. Method akafungua chumba cha kwanza, kile kilicho jirani na geti, akampa ufunguo. "Hiki chako, dada. Usilipe chochote. Wewe angalia angalia tu hawa wapangaji, ukipokea kodi unanitumia."

Specioza akamshukuru. Akamwombea na baraka.

Huko kuangalia angalia ndiko kulikommeza. Mtu asiyewahi kusimamia nyumba ya kupanga hudhani kazi yake ni kupokea kodi. Kodi ni siku moja. Siku nyingine zote ni maji, umeme, choo na maneno ya watu. Mita ya umeme ilikuwa moja ya luku kwa nyumba nzima, na kila uniti zikiisha wapangaji walitazamana kama wezi. Mwenye friji alisema haitumii umeme. Mwenye taa moja alikataa kuchangia friji ya mwenzake. Maji ya kisima yalivutwa na pampu, na pampu ikiachwa bila kuangaliwa inaungua, kwa hiyo kuiwasha na kuizima ikawa kazi yake. Zamu za kufagia uwanja alizipanga yeye, na aliyeruka zamu aligombana na yeye. Choo kikijaa, yeye ndiye anayesimama na kitambaa puani kumwelekeza dereva wa gari la kunyonya. Mume akimpiga mke chumba cha nne, mlango unaogongwa ni wa chumba cha kwanza.

Wapangaji walimwita mama mwenye nyumba. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha: "Jamani, mwenye nyumba ni kaka yenu Method, yuko Dodoma." Wanaitikia ndiyo, kesho wanamwita vile vile. Baadaye akaacha. Lilikuwa jina la heshima, na heshima haimchomi mtu. Lakini kodi ilipochelewa alijificha nyuma ya mdogo wake. Aligonga mlango akasema, "Mwenye nyumba amenipigia, anasema hataki maneno," na sauti yake ilikuwa kavu kabisa, kwa sababu haikuwa yake.

Ile miezi mitatu ikaisha, ikaja mingine. Restituta akamaliza shule, akaolewa Inyonga. Ile nyumba ya Magamba ikaanguka ukuta mmoja, kisha wote. Specioza akawa mtu wa misa ya kwanza, ili misa ikitoka wapangaji ndio kwanza wanaamka kutafuta maji. Sokoni alikwenda mbio mbio. Misiba alihudhuria, ila hakulala. Wanawake wenzake wa jumuiya walipomuuliza mbona hakai, alisema ana nyumba ya watu. Nao wakamwambia, "Wewe una bahati, mwenzetu. Mji huu unavyopanda kodi, wewe unakaa bure."

Aliyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka akayaamini. Hata yeye alikuwa akiyasema.

Mtu pekee aliyemjibu vingine alikuwa Donatille wa chumba cha tano. Donatille alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Katumba, wazazi wake walikimbilia kule kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa amezaliwa mkimbizi akaja kupewa uraia akiwa na mume tayari, na labda kwa sababu hiyo alijua tofauti ya mahali unapokaa na mahali palipo pako. Mumewe, Salvator, alikuwa anabeba mizigo ya mpunga kwenye maghala. Jioni Donatille aliviringisha cherehani yake mpaka kizingitini, Specioza akaleta ungo wa maharage, wakachambua na kushona wakiongea.

"Mama Resti," Donatille alimwuliza siku moja, "mlinzi wa lile ghala analipwa. Na wewe unalipwa nini?"

"Mimi silipwi, nakaa bure."

Donatille akakata uzi kwa meno. "Hata mbuzi wa kufungwa kambani anakaa bure."

Specioza alicheka. Maharage yaliisha kuchambuliwa, akaingia ndani, akakaa kitandani, na pale ndipo alipoacha kucheka.

Mwaka huo huo Restituta akapata ujauzito wa kwanza. Siku zilipokaribia akapiga simu. "Mama, mkwe wangu mgonjwa wa miguu. Sina wa kunikanda wala wa kumwogesha mtoto. Uje."

Specioza akampigia Method.

"Hongera ya mjukuu, dada," Method akasema. "Ila nyumba utamwachia nani?"

"Nitamwachia mama Arcade." Ndivyo walivyomwita Donatille, kwa jina la mwanawe.

"Mpangaji? Dada, unamwachia fisi bucha?"

"Ni mtu mzuri."

"Sikatai ni mtu mzuri. Nenda basi, lakini usichelewe."

Kule Inyonga Specioza alizaliwa upya pamoja na mtoto. Alichemsha maji, akamkanda binti yake, akampikia uji wa ulezi, akamweka mjukuu juu ya mapaja yake na kumtazama anavyokunja uso. Alishangaa jambo moja: hakuna aliyegonga mlango. Asubuhi ilikuja polepole kama alivyoizoea zamani Magamba, na yeye akalala mpaka jua likapiga dirishani. Mume wa Restituta alipomwona anachungulia nje kwa hofu akamwuliza, "Mama, unatafuta nini?" Akasema, "Hapana, nasikiliza tu."

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka simu ilipoita. Alikuwa Donatille, analia. Alikuwa amekwenda kumpima bibi harusi nguo, Salvator yuko ghalani, na aliporudi alikuta geti wazi na pampu haipo kisimani. Imefunguliwa kwa spana, imeondoka na bomba lake.

Ya pili iliyoita ilikuwa ya Method, na huyo hakuwa analia.

"Dada, ile pampu unajua bei yake? Nilikuambia nini mimi? Unaiacha nyumba na kwenda kukaa!"

"Nimekuja kumwona mtoto, Method. Ana siku chache tu hapa duniani."

"Na mimi nina wapangaji hawana maji! Watahama wote. Panda gari kesho."

Restituta aliinuka kitandani. Alimfungia mama yake karanga kwenye kitambaa, na alipomsindikiza barabarani alikuwa anatembea kwa kujikaza, mkono ukutani, mkono kwenye mti, kama wazazi wabichi wanavyotembea. Specioza alipanda basi bila kugeuka nyuma, maana angegeuka asingepanda.

Pampu haikupatikana. Wapangaji wakaanza kuletewa maji kwa bajaji, madumu yamepangwa mpaka kwa dereva, na kila dumu lilitolewa mfukoni mwao kwa manung'uniko. Specioza alitegemea kununuliwa pampu nyingine. Badala yake Method akapiga na sauti mpya, ya furaha.

"Dada, nimefikiri. Haya mambo ya vyumba vya kuchangia choo yamepitwa. Maofisa wanataka vyumba vya kujitegemea, choo ndani, jiko ndani, mahali pa kuegesha gari. Tunavunja kuta, viwili tunafanya kimoja, tunapata vinne vya maana. Hawa wa kupikia mkaa kwenye korido wametosha. Wape notisi."

"Wote?"

"Wote."

"Na mama Arcade?"

"Dada, si nimesema wote?"

Alipita mlango kwa mlango. Wengine walikasirika, wengine walisema afadhali, maji yalishawashinda. Kikwazo kilikuwa Mwandu wa chumba cha saba, Msukuma aliyekuwa ananunua mpunga Majimoto na kuuza mjini. Alimsikiliza Specioza mpaka mwisho, mikono nyuma, kwa adabu.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

"Basi mwambie mwenye nyumba aje mwenyewe. Mimi mambo ya nyumba siongei na mlinzi."

Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anavyotaja rangi ya shati. Specioza aliondoka pale akiwa na aibu asiyojua ameitoa wapi, kwa sababu miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa anasema si mwenye nyumba, na sasa amepatikana wa kumkubalia.

Chumba cha tano alikiacha mwisho. Donatille alikuwa anashona sare za shule. Alimwona akija, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Nasikia milango inagongwa toka asubuhi," akasema. "Nikawa najiambia, kwangu hatafika."

"Mama Arcade, kaka anataka kubadilisha nyumba."

"Kaka."

"Ndiyo. Mna miezi mitatu."

Donatille aliitazama nguo iliyoko kwenye sindano. "Mimi wateja wangu wote wako mtaa huu. Nimekaa miaka kujenga jina. Useme tu, mama Resti. Sema unatufukuza."

"Mimi sifukuzi mtu. Mimi si mwenye nyumba."

"Basi wewe ni nani hapa?"

Kama angetukana, Specioza angekuwa na la kumjibu. Lakini liliulizwa kama swali, na Donatille alisubiri jibu kweli kweli, macho yamemtulia. Alipoona haliji, akarudisha mguu kwenye pedali.

Hawakungoja miezi mitatu. Salvator alipata nyumba ya ndugu huko Katumba, wakahama na bajaji, cherehani imelazwa juu ya magodoro kama mgonjwa. Donatille alimpa Specioza mkono kwa kuaga, akamshukuru kwa ukaaji mzuri, maneno yale yale ambayo mpangaji yeyote humwambia mwenye nyumba yeyote. Hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko hasira.

Mwandu aliondoka Method alipofika, naye aliondoka bila ugomvi. Aliambiwa na aliyemtaka, akapakia magunia yake. Nyumba ikabaki tupu. Ukikohoa kwenye korido unajibiwa. Method alikuja na fundi, wakatembea na futi ya chuma, wakachora kwa mkaa ukutani mahali pa kuvunja. Walipofika chumba cha kwanza fundi akachora alama kubwa ya kukata.

"Hapa?" Specioza akauliza.

"Hapa gari zitapita, dada," Method akasema. "Geti linapanuliwa, chumba kitakachopungua tutakiongeza kwa nyuma. Wewe tutakutengenezea ile stoo ya nyuma, tutapiga plasta, tutaweka dirisha. Huwezi kukosa pa kukaa, wewe si mtu wa hapa hapa?"

Fundi akasogea pembeni kujifanya anapima. Specioza aliuweka chini ungo aliokuwa anapepetea.

"Method, shamba langu liko wapi?"

"Shamba gani?"

"La Magamba. Liko humu ndani, si ndiyo? Nionyeshe. Ni chumba gani?"

Method alicheka kidogo, kisha akaona hachekwi naye. "Dada, mambo ya zamani hayo."

"Ulisema ni yetu wote. Watoto wa mzee. Mimi nataka kujua yangu inaanzia wapi, maana huyu fundi ameshachora na sijaona alipoacha pangu."

"Sasa dada, tukianza hesabu hatutaelewana." Sauti ya Method ilikuwa imepanda. "Wewe umekaa hapa bure miaka yote hii. Umeme bure, maji bure. Ukipiga kodi ya chumba kile kwa mwezi, ukazidisha, lile shamba lako ulishalila zamani. Nami sijawahi kukudai."

Fundi alidondosha futi.

Specioza hakulia wala hakugombana. Aliingia chumbani, akafunga nguo kwenye begi, akaacha godoro, akapita mbele ya mdogo wake kama anakwenda dukani. Alikodi bodaboda mpaka stendi. Akakata tiketi ya Inyonga, akakaa kiti cha dirishani, na alipokaa akahisi mabega yake yanashuka, yanashuka, kama mtu aliyetua ndoo ambayo hakumbuki ni lini alijitwika.

Basi lilikuwa linajaza abiria simu ilipoita. Ni Cecilia, mke wa Method. Wifi yake huyo walikuwa wanasalimiana kwenye sikukuu tu. Specioza siku zote alimhesabu kuwa ndiye anayemfundisha Method ugumu.

"Wifi, uko wapi?"

"Niko kwenye gari. Naenda kwa mwanangu."

"Shuka, wifi. Nakuomba."

"Amekutuma?"

"Hajanituma, hata hajui kama nakupigia. Sikiliza. Nyumba iko benki."

Specioza hakuelewa. Nyumba iko Kawajense, ametoka huko sasa hivi.

"Method ameiweka rehani, anachukua mkopo wa kuifanyia haya matengenezo na kulipa mwingine wa nyuma," Cecilia alisema haraka haraka. "Mimi mke nilitakiwa kusaini, nikasaini. Ameniambia leo kwa simu jinsi mlivyogombana, na leo ndiyo nasikia kwamba humo ndani kuna shamba lako. Miaka yote hii najua ni jasho lake peke yake, na wewe amekusitiri. Ningejua, nisingesaini. Lakini nimeshasaini, wifi. Vyumba visipojengwa na kujaa watu, benki wanapiga mnada. Yeye kazi yake iko huku, mimi nina watoto. Akimweka mtu baki, atamwibia kama walivyomwibia mwanzo. Ukiondoka wewe, inakwenda. Na lako linakwenda nayo."

Konda alikuwa anapiga bodi ya gari kwa kiganja, anaita wa mwisho mwisho. Mama aliyekaa jirani na Specioza alijibana kumpisha akidhani anataka kushuka kununua kitu. Specioza aliutazama ule mlango wa gari. Kule mbele palikuwa na mjukuu ambaye sasa alishaanza kucheka na watu. Kule nyuma palikuwa na ekari za baba yake, zimepigwa misumari juu ya kuta za mtu, na mtu mwenyewe amezikabidhi kwa watu wengine. Angeweza kwenda. Hakuna aliyemshika. Wakati ule ndipo alipojua kwamba hajawahi kushikwa na mtu, na bado hawezi kwenda.

"Konda, nishushie begi langu."

"Mama, tiketi hairudishwi!"

"Sijaomba irudishwe."

Alirudi kwa miguu. Method alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga, fundi ameshaondoka. Alipomwona dada yake anaingia na begi alisimama, akakaa tena. Bila tai wala simu mkononi alionekana amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Nilijua umeshafika mbali," akasema.

"Mke wako amenipigia."

Method aliinamisha kichwa. Akachota mchanga, akaumwaga. "Kila mtu alikuwa anajenga, dada," akasema. "Nikaona nisipowahi nitaachwa. Ukishaanza, huwezi kusimama katikati. Ukisimama, inakula hata ile uliyotia."

"Umekula?"

"Sijala."

Specioza akaenda kuwasha moto. Wakala ugali na dagaa pale pale mchangani, hawakuongea tena habari ya shamba. Method hakuomba msamaha, na Specioza hakuungoja.

Matengenezo yakafanyika. Specioza akarudi kwenye kazi aliyoitiwa tangu mwanzo, kuhesabu mifuko, safari hii akilala kwenye stoo ya nyuma ambayo plasta yake ilikuwa bado mbichi na inanukia chokaa. Vyumba vinne vikatoka vya kupendeza, vigae chini, maji yanatoka ukutani. Wakaja wapangaji wa aina nyingine: mhasibu, mwalimu wa chuo, daktari wa mifugo anayezunguka huko Mpimbwe wiki nzima. Hawakupika nje, hawakukaa vizingitini, hawakupigana kwa sauti ya kusikika. Salamu zao zilikuwa za kupunga mkono ndani ya gari. Hakuna aliyemwita mama mwenye nyumba. Walimwita "mama wa geti."

Cecilia alikuja Mpanda mara moja, kwa treni ya kupitia Kaliua, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alizunguka vyumba, akaja kukaa stoo juu ya kitanda cha wifi yake, maana hapakuwa na kiti.

"Nimegombana na mdogo wako mpaka tumeelewana," alisema. "Chumba hiki cha mbele, kodi yake usiitume Dodoma. Ni yako. Kila inapolipwa, yako. Si zawadi, wifi. Ni haki ya shamba lako. Hivi vingine vitatu vimalizane na benki."

Specioza alimshika mikono yote miwili. Usiku ule alijipangia mambo: atamnunulia mjukuu viatu, atakwenda Katumba kumtafuta Donatille amshonee gauni, amlipe bei ya watu wengine, na baada ya hapo ataona.

Mpangaji wa chumba cha mbele aliitwa Didace, kijana mpole mwenye duka la vifaa vya simu mjini, na kodi yake ya miezi mitatu ilipokwisha hakulipa. Wiki ikapita. Specioza alikwenda akasimama mlangoni kwake, kidole kimekunjwa tayari kugonga, akatafuta yale maneno ya zamani. Mwenye nyumba amenipigia. Mwenye nyumba hataki maneno. Hakuna mwenye nyumba aliyempigia. Alijaribu moyoni kusema "nataka kodi yangu" na ulimi ukawa mzito kama anaomba. Akashusha mkono, akaenda kufagia mbele ya geti ambapo palikuwa pameshafagiliwa.

Alipogonga hatimaye, siku nyingine, Didace alitoka na tabasamu. "Mama, nivumilie kidogo. Mzigo wangu umekwama njiani. Ukitoka tu, nakupa yote kwa mkupuo."

"Lini?"

"Usiondoke tu hapa karibuni, mama. Wakati wowote nitakukabidhi mkononi."

Jumapili ile Restituta alipiga. Nyuma yake mtoto alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko. "Unamsikia? Ameanza kusimama, mama. Anashika ukuta anasimama. Unakuja lini?"

"Nitakuja. Ngoja nipokee kodi yangu kwanza."

"Kodi yako?"

"Yangu," Specioza akasema, na neno likamtoka kwa fahari, akasikia utamu wake. "Kijana amesema wakati wowote. Nikiondoka akaja na hela asinikute, atampa nani? Atazitumia. Akishalipa nakuja. Labda na huyo atakayeingia baada yake, maana nasikia huyu kijana anataka kuhama, lazima nimpate mwingine wa maana kwanza, chumba kisikae tupu..."

Akanyamaza. Upande wa pili mtoto alikuwa anaendelea kupiga sufuria.

"Mama?"

"Nipo."

Nje gari lilikuwa limesimama, taa zimeelekea getini. Mhasibu alipiga honi, mara moja kwa ustaarabu, halafu mara ya pili.

"Usikate," Specioza akamwambia binti yake. Akavaa kandambili, simu sikioni, akaenda kufungua.